Asante Iliyosomwa Kama Kijembe

Kejeli yetu imeishi miaka mingi kwenye jicho, mdomo na sauti. Sasa imehamia kwenye simu, ambako haina jicho, mdomo wala sauti, na ndugu wanakosana kwa maneno ambayo hayakukusudiwa kuumiza.

Ilikuwa saa tatu na robo usiku. Mweka hazina wa kamati ya harusi ya ukoo wetu alibandika orodha ya michango kwenye kundi la WhatsApp: namba, jina, ahadi, kilichotolewa. Wa kwanza laki tano. Wa pili laki tatu. Wa laki mbili walikuwa kama sita hivi. Namba 19 alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kijana anayefundisha shule binafsi huko mkoani. Alikuwa ametoa elfu ishirini.

Dakika chache baadaye mjomba akaandika: "Asante sana mpwa wangu kwa mchango wako mkubwa. Kwa kweli umetushangaza."

Vikatuni vinne vya kucheka hadi machozi vikajipanga chini ya ujumbe ule. Kimoja nilikiweka mimi. Kabla ya saa nne, mdogo wangu alikuwa amejitoa kundini.

Mama mdogo alikaa siku tatu na hasira zake kabla ya kumpigia kaka yake. Mjomba alipigwa na butwaa. Asante yake ilikuwa asante. Alijua kwamba shule ile ilikuwa haijalipa mishahara kwa miezi miwili, na alijua kwamba elfu ishirini zile zilikatwa kwenye nauli ya kijana ya kwenda kazini. Alikuwa amemshukuru kwa moyo wote. Sisi tuliocheka ndio tuliomtafsiria, na tulimtafsiria vibaya.

Nimelifikiria tukio lile kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Mjomba alishukuru. Sisi tulidhani anamtania mpwa wake, tukajiunga na utani. Kijana akasoma maneno yaleyale, akaona ameumbuliwa mbele ya ukoo mzima. Maneno kumi na moja, maana tatu. Tumezoea kusikia kwamba kejeli mtandaoni huchukuliwa kuwa kweli. Usiku ule kweli ilichukuliwa kuwa kejeli, nao ni ugonjwa uleule: mahali ambapo kejeli haina alama ya kuitambulisha, hata shukrani hutiliwa shaka.

Herufi nne, maana kumi

Mswahili akikejeli hutumia mwili mzima. Atabetua mdomo, atakata jicho, atasonya, atashika kiuno, atavuta silabi ya mwisho hadi kila aliyepo ajue kwamba maneno yanasema hili na moyo unasema lile. "Hongera zako" ya mtu anayetabasamu na "hongera zako" ya mtu aliyegeuza uso pembeni ni salamu mbili tofauti kabisa.

Chukua neno "haya". Likitamkwa upesi, maana yake tumekubaliana. Likitamkwa kwa kupiga makofi, maana yake kazi ianze. Likivutwa polepole na kichwa kikitikiswa, maana yake fanya utakavyo, ila usije kunililia. Mama akimwambia hivyo mtoto aliyekataa kuvaa viatu, mtoto hujua moja kwa moja kwamba hajaruhusiwa kutoka pekupeku. Kwenye kioo cha simu, "haya" zote hizo ni herufi nne zilezile, na msomaji huitamka kwa sauti anayoijua yeye. Aliyeamka na furaha husikia ridhaa. Aliyegombana na bosi wake mchana husikia dharau.

Kiswahili kina jambo jingine linaloongeza mzigo. Swali la ndiyo au hapana hatulijengi kwa kupanga upya maneno; mara nyingi tunapandisha sauti tu. "Umekula" ni taarifa, na sauti ikipanda ni swali. Sasa mfikirie fundi cherehani anayepokea ujumbe wa mteja: "Umemaliza kitambaa changu". Alama ya kuuliza haipo. Je, anaulizwa kama kazi imekwisha? Anashukuriwa? Au anasimangwa kwamba kitambaa kimeishia kwenye mkasi wake? Uso kwa uso asingepata hata nafasi ya kujiuliza.

Kanga ilikuwa na mvaaji

Wazee wetu waliujua utata wa maneno, na waliutumia kwa makusudi. Kanga ndiyo ushahidi ulio karibu zaidi. Tangu nguo hii ianze kuandikwa jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kirumi, wanawake wa pwani wamesemezana nayo mambo ambayo mdomo usingethubutu. Mwenye la kumwambia jirani alichagua kanga, akajifunga, akapita mlangoni kwake akienda kuteka maji. Akiulizwa, jibu lilikuwa tayari: mimi nimenunua nguo tu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Taarabu nayo ilifanya kazi hiyohiyo. Mtu alisubiri ubeti unaosema la moyoni mwake, akainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na njiani akahakikisha anapita mbele ya hasimu wake. Miaka ya 1990, ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano jijini Dar es Salaam, pamoja na sauti kama za Khadija Kopa na Nasma Khamis, uliifanya mipasho kuwa gumzo la vibaraza na daladala.

Lakini tazama kilichoifanya sanaa ile iende sawa. Kanga ilikuwa na mvaaji, na mvaaji alikuwa na njia aliyoichagua na mlango aliopita. Mwenye noti alikuwa na jicho alilolielekeza upande fulani. Mashahidi waliijua kesi tangu mwanzo wake. Aliyekusudiwa alijua kakusudiwa, na asiyehusika alikaa na amani yake.

Leo kanga yetu ni stetasi ya WhatsApp. Mtu anabandika "Mdhaniaye ndiye siye" kisha anaenda kulala. Ujumbe ule haupiti mlango mmoja. Unaingia kwenye simu ya kila mtu aliyehifadhiana naye namba. Shemeji anadhani amesemwa yeye. Mwenye nyumba anayedai kodi anadhani amesemwa yeye. Rafiki aliyechelewesha deni la mwezi uliopita hana shaka hata kidogo. Mwandishi pengine alikuwa anazungumzia timu yake ya mpira.

Wimbo unaosikika kichwani mwako tu

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliolipima jambo hili. Waliwapa watu sentensi za kuwafikishia wenzao, nyingine za kweli na nyingine za kejeli. Baadhi waliziwasilisha kwa sauti, wengine kwa barua pepe. Kabla ya kuanza, pande zote mbili zilitabiri kwamba zingeeleweka kiasi kilekile, takriban mara 78 kati ya 100. Waliotumia sauti hawakukosea sana, kwani walieleweka karibu mara 73. Waliotumia maandishi walieleweka mara 56.

Ukumbuke kwamba mtu anayekisia kwa kurusha sarafu angepata kama mara 50. Maana yake, maandishi yaliwasaidia wasomaji kuizidi bahati nasibu kwa kiasi kidogo tu. Na wasomaji wenyewe hawakulijua hilo. Waliamini kwamba wameelewa karibu kila walichosoma.

Kwa nini tunajidanganya hivi? Jaribio la Elizabeth Newton, lililofanyika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1990, linaeleza vizuri. Newton aliwaomba watu wagonge meza kwa vidole wakifuata mdundo wa wimbo unaojulikana, na wenzao wautaje wimbo huo. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Ziligongwa nyimbo 120, zikatambuliwa 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake, ala na sauti, na hakuweza kuamini kwamba mwenzake anasikia ko-ko-ko tu.

Mwandishi wa kejeli ni mgonga meza. Anapoandika "Hongera kwa kuwahi", anajiona alivyobetua mdomo na kuisikia sauti yake ilivyovutwa. Msomaji aliye Mwanza au Muscat anapata mlio wa meza peke yake.

Tabasamu lililolala ubavu

Dawa imetafutwa tangu zamani. Katika maandishi ya Ethiopia ipo alama iitwayo temherte slaq, inayofanana na alama ya mshangao iliyopinduliwa, ambayo kazi yake ni kumjulisha msomaji kwamba kilichosemwa kina kejeli. Ufaransa nako, mwaka 1899, mshairi Alcanter de Brahm alipendekeza alama ya namna hiyo. Haikushika mizizi.

Iliyoshika mizizi ilizaliwa kwa sababu ya lifti. Mwezi Septemba 1982, wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walikuwa wakiandikiana kwenye kompyuta zao. Mmoja akatania kwamba lifti moja imechafuliwa na zebaki kutokana na jaribio la fizikia. Waliokuta utani ule bila mwanzo wake waliuchukua kuwa tahadhari ya kweli. Tarehe 19 mwezi huo, mwenzao Scott Fahlman akapendekeza kwamba kila utani uandamane na nukta mbili, kistari na mabano, ambavyo ukiinamisha kichwa ubavuni ni uso unaotabasamu. Wataalamu wa kompyuta wa chuo kimoja, wanaojuana, walishindwa kutambua mzaha ulioandikwa na mwenzao. Sisi wa makundi ya ukoo tuna haki ya kushindwa.

Baadaye zikaja emoji. Zile 176 alizobuni Shigetaka Kurita kwa kampuni ya simu ya Japani mwaka 1999 zimezaa maelfu, na tukadhani nyuso zetu zimerudi. Hazikurudi zote. Mama mkubwa wangu ana miaka 71. Jirani yake alipofiwa, alikwenda chini ya tangazo la msiba na kuweka kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Yeye aliona machozi. Wajukuu wa marehemu waliona kicheko. Ilibidi mtu aende mguu kwa mguu hadi matangani kueleza kwamba bibi yule alikuwa analia pamoja nao.

Emoji ni neno kama neno lolote, na kila rika lina kamusi yake. Vijana huweka fuvu la kichwa wakimaanisha wamekufa kwa kicheko. Mzee akiliona fuvu lile chini ya picha yake, ana kila sababu ya kuuliza amemkosea nani.

Mtani wako ni nani?

Hata hivyo, naamini sauti na uso si vitu pekee tulivyoviacha nyuma. Tumeacha pia utaratibu wa utani wenyewe.

Jamii zetu hazikumruhusu kila mtu kumkejeli kila mtu. Mchaga na Mpare ni watani. Msukuma na Mnyamwezi wana utani wao na Mzaramo. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji. Mtani huweza kufika msibani akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, akazuia kaburi lisifukiwe hadi apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Maneno yaleyale yakitoka kwa mgeni, pangechimbika. Uhalali wa utani hautoki kwenye maneno. Unatoka kwenye uhusiano ambao watu wote waliopo wanaujua.

Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa maana hiyohiyo. Yanga ilipoifunga Simba mabao 5-1 Novemba 5, 2023, shabiki wa Simba alijua kwamba wiki ile atapokea pole nyingi zisizo pole. Alizipokea kwa sababu naye aliwahi kuzitoa, hasa Simba ilipoifunga Yanga 5-0 mwaka 2012. Deni linajulikana, na wakopeshaji wanajuana.

Kejeli ikiwakuta watu wanaoona jambo moja kwa jicho moja, hufanya kazi hata mtandaoni. Julai 2015 shirika la habari la CNN liliiita Kenya kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama. Wakenya wakajibu kwa wingi wa kejeli kwenye Twitter, na hakuna Mkenya aliyehitaji kufafanuliwa, kwa kuwa nchi iliyosemwa wanaishi ndani yake. Mwezi uliofuata mkuu mmoja wa CNN alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi.

Kundi la WhatsApp la kazini, la mtaa au la wazazi wa darasa la tano halina utani wa namna hiyo. Ndani yake yumo mkwe, yumo mwajiri, yumo mtu aliyeongezwa jana. Mtu huandika akimfikiria mtani wake mmoja, na husomwa na watu mia ambao si watani wake. Kisha mmoja anapiga picha ya kioo na kuituma kundi jingine, bila mazungumzo yaliyotangulia. Fumbo limeng'olewa kwenye shina lake. Anayelipokea hana pa kuanzia kuligangua.

Ujumbe unapomfikia asiyecheka

Mwisho wa safari hiyo waweza kuwa mahakamani. Januari 2010, kijana wa Kiingereza aitwaye Paul Chambers alitaka kusafiri kwenda Belfast kumwona msichana. Theluji ikaufunga uwanja wa ndege wa Robin Hood. Kwa hasira ya utani akaandika Twitter kwamba wasipojipanga katika muda wa wiki moja na kidogo ataulipua uwanja ule. Wasimamizi wa uwanja hawakuuona ujumbe huo kuwa tishio la kweli, lakini taarifa ilipelekwa polisi. Alikamatwa, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya pauni 385 pamoja na gharama za pauni 600, akapoteza kazi. Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo Julai 2012, baada ya miaka miwili na nusu ya maisha yake kuliwa na sentensi moja.

Nasi tuna sheria zetu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Zote zilipitishwa zikiwa na vifungu kuhusu taarifa za uongo. Polisi anayesoma ujumbe hayumo kwenye utani wenu. Hajui kwamba wewe na yule mnachokozana tangu shule ya msingi. Mbele yake yapo maandishi, jina, tarehe na saa.

Wakubwa nao hunaswa. Mei 2015 Jack Warner, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FIFA, alijitokeza kwenye video akitetea jina lake, huku ameshika makala ya The Onion, gazeti la Marekani ambalo kazi yake yote ni kutunga habari za kejeli. Aliisoma kama habari ya kweli, kwa sababu ilisema alichotamani kiwe kweli. Hivyo ndivyo tunavyosoma wote tunapokuwa na jeraha. Mdogo wangu alikuwa na jeraha la mshahara, na orodha ile ilikuwa imeshalitonesha kabla mjomba hajaandika neno.

Kuuliza si ujinga

Sitaki kejeli ife. Ni chumvi ya lugha yetu, na maisha yasiyo na mtani ni mboga iliyochemshwa kwa maji matupu. Lakini chumvi hupimwa kwa kumjua anayekula. Ninachokiomba ni kwamba anayeandika aubebe mzigo wa kueleweka, asiupeleke kwa msomaji na kisha kumlaumu kwamba hajui utani.

Kama una kijembe cha kumtania ndugu yako, mpigie. Kama huwezi kumpigia, tuma ujumbe wa sauti; kicheko chako kitafika pamoja na maneno. Kama ni lazima uandike, usianzie mbele ya kundi zima, na usimkejeli kamwe aliyepungukiwa kwa kile alichopungukiwa nacho. Huko utani haujawahi kuruhusiwa, hata kabla ya simu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nawe unayesoma, ukikuta maneno yanayochoma, jipe pumzi kabla ya kujibu, kisha uliza waziwazi: "Mjomba, hapo unanitania?" Swali hilo la maneno matatu lingetuokolea siku tatu. Na wewe wa tatu, uliyekaa pembeni ukitazama, usicheke kabla hujajua. Kikatuni changu cha usiku ule kilimthibitishia kijana aliyekuwa bado na shaka. Alimwambia mama yake baadaye kwamba ujumbe wa mjomba aliusoma mara mbili akitafuta maana nzuri, na alipoona tumecheka akaacha kutafuta. Nilimwomba radhi kwa simu, kwa sauti yangu, na sijawahi kuomba radhi kwa uzito kama ule.

Mjomba alimpigia jioni ya siku ya tatu. Mama mdogo alikuwapo, naye ndiye aliyetusimulia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Ile asante yangu ilikuwa asante."

Kijana akanyamaza. Mjomba naye akanyamaza. Kisha wakaanza kuzungumza habari za shule.

Alirudi kundini wiki ileile, na harusini ndiye aliyepokea wageni mlangoni. Tangu hapo mjomba amebadili namna ya kushukuru. Haandiki tena "mchango mkubwa" kwenye kundi. Humtumia kila mtu ujumbe wake pembeni, na ndani yake huweka sababu. Wa mwisho kuupata ni mdogo wangu, alipochangia matibabu ya bibi mwezi uliopita: "Nimepata elfu kumi. Najua mshahara haujatoka na umeikata kwenye nauli. Asante, mpwa wangu." Alinionyesha ujumbe huo kwenye simu yake. Hajaufuta.